Saundi kadi ya safarini: kisa cha prodyuza, laptopu moja na kaswida nane

Mwenye kisa ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba jina lake, mji wake na madrasa iliyompa kazi visitajwe. Humu ni Prodyuza tu. Vifaa vilivyoharibika au kutusumbua navyo nimeviacha bila majina.

Usuli

Prodyuza ana studio ya chumba kimoja kwenye mji wa pwani ya Tanzania: magodoro ukutani, pazia zito mlangoni, feni inayozimwa kila msanii anaposimama kwenye maiki. Riziki yake ni Bongo Fleva. Anapika biti kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, msanii anakuja kuingiza sauti, anamiksi, anakabidhi. Vyombo vyake vilikuwa laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, maiki moja ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo), na saundi kadi, yaani kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye laptopu, ya zile zinazouzwa kwa ajili ya kwenda laivu mtandaoni, zenye vitufe vya rangi vya kutoa makofi, vicheko na mlio wa risasi.

Usimcheke. Kadi ile ilimlisha miaka miwili. Msanii mmoja, maiki moja, mstari mmoja kwa wakati: kwa kazi ya namna hiyo wateja hawakulalamika, na mimi mwenyewe niliwahi kusikia kazi zake redioni nisijue zimepitia wapi.

Kisha ikaja kazi ya kaswida. Madrasa moja, saa mbili kwa basi na kipande cha bodaboda, ilitaka kurekodi kaswida nane kabla ya Maulidi. Watoto kumi na wawili wa kuitikia, madufu manne, waimbaji wawili wa kuongoza. Kuwasafirisha wote hadi mjini haikuwezekana, kwa hiyo studio ndiyo iliyotakiwa kusafiri.

Safari ya kwanza

Alipofika alipanga vitu juu ya dawati la madrasa. Laptopu ilikuwa na matundu mawili ya USB tu, na moja lilikuwa limelegea, hivyo kila kitu kilichomekwa kwenye habu ya bei rahisi yenye matundu manne: saundi kadi, kipanya, kibodi ya MIDI (ya kupigia ala za kwenye programu) na flashi. Maiki aliiweka katikati ya chumba.

Mwimbaji wa kwanza alivaa hedifoni, akaimba mistari miwili, akazivua. "Najisikia nikiwa nyuma yangu," alisema. Hakuna fundi ambaye angeueleza ugonjwa ule vizuri zaidi. Kadi haikuwa na draiva yake ya ASIO, ile inayopitisha sauti haraka kwenye Windows, kwa hiyo Prodyuza alitumia ASIO4ALL, draiva ya jumla, na ili isikatekate alikuwa ameweka bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kupitishwa, ya sampuli 1,024. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa hiyo peke yake inachelewesha sauti milisekunde 23 ikiingia na nyingine 23 ikitoka. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja. Milisekunde 46 ni sawa na kuimba na mwenzio aliye karibu mita 16 kutoka kwako, karibu urefu wa uwanja wa mpira wa wavu. Dufu halichezwi hivyo.

Juu ya hilo kulikuwa na mikwaruzo. Haikuwa ya mfululizo. Ilikuja mmoja kila baada ya sekunde kadhaa, kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni. Na kwa kuwa kila kitu kiliingia kwenye chaneli moja, madufu yalizimeza sauti za watoto wadogo bila njia ya kuzitenganisha baadaye.

Mwisho likatokea lile ambalo yeye mwenyewe hulisimulia kwanza kabla ya yote. Katikati ya ubeti wa tatu wa kumsifu Mtume, kiwiko chake kikagusa kitufe cha makofi. Makofi ya ukumbi mzima yakalia kwenye spika. Watoto walikaukiwa na sauti. Maalim hakusema neno, alimtazama tu.

Alirudi mjini na kaswida tatu zisizofaa, akaomba wiki mbili.

Alivyokuja kwangu

Alikuja akiwa ameshaamua. "Kaka, nataka yenye chaneli nne, na iwe ya 192." Alimaanisha kHz 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde. Mfukoni alikuwa na laki sita, pamoja na malipo ya awali ya madrasa. Alikuwa ameona video za kutosha kujua majina ya vifaa vyote kuliko mimi.

Nilimwomba aache majina kwanza aniambie siku ya kazi itakavyokwenda. Umeme wa pale upo lakini hautabiriki, na ukikatika kuna jenereta ndogo ya msikiti. Betri ya laptopu ilikuwa inakaa saa moja na dakika arobaini. Watoto na madufu wanaimba kwa pamoja, hawawezi kutenganishwa kwa sababu wanafuatana kwa macho. Waimbaji wawili wa kuongoza ni vijana wakubwa, wanaweza kurekodiwa baadaye juu ya kilichopo.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango. Nikamuuliza, kwa wakati mmoja, ni maiki ngapi zitakuwa zinapokea kitu tofauti? Alihesabu kwa vidole. Mbili.

Chaguo tatu mezani

Mjini kwao kulikuwa na vifaa vitatu vilivyopatikana vipya bila kuagiza. Behringer UM2, ndogo na ya bei ya chini, inayokula umeme wa USB lakini ina tundu moja tu la XLR, plagi ya pini tatu ya maiki, na kikomo cha kHz 48. Behringer UMC404HD, yenye matundu manne ya maiki na kHz 192, ndiyo iliyokuwa moyoni mwake. Na Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, kile kilichotoka 2019, yenye maiki mbili, draiva yake ya ASIO, na umeme wote kutoka kwenye waya mmoja wa USB.

UM2 niliiondoa haraka. Si mbaya kwa mtu anayeanza, lakini ingemrudisha kwenye maiki moja ileile.

Ubishi ulikuwa kwenye UMC404HD. Kwa shilingi ni mali nyingi: matundu manne, MIDI, na kila kitu. Tatizo ni adapta. Kifaa kile hakiwaki kwa USB peke yake, kinataka volti 12 kutoka ukutani. Madrasa isiyo na umeme wa uhakika ingelazimika kuwasha jenereta muda wote wa kurekodi, na jenereta yenyewe ina sauti. Prodyuza alisema ataiweka mbali. Nikamwuliza mbali wapi, waya wa kurefusha ana mita ngapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumi."

Kuhusu 192 tulikaa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kurekodi kwa kHz 48 kunanasa sauti hadi kHz 24, na sikio la binadamu huishia karibu na 20. Kinachobaki ni uzito wa mafaili. Traki mbili za biti 24 (ukubwa wa kila sampuli) kwa kHz 48 hula takriban MB 17 kwa dakika. Traki nne kwa kHz 192 hula karibu MB 138. Laptopu yake ilikuwa na diski ya kuzunguka, si SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ningemwambia maneno haya siku nzima asishawishike, kwa hiyo nilifungua mradi, nikarekodi kelele tupu kwa mpangilio ule mzito kwa kadi yangu, tukaitazama FL ikianza kukwama dakika ya nne. Suala la 192 likaishia hapo.

Kipande cha mtumba

Kabla ya kununua kipya, jamaa mmoja alimpigia: kuna saundi kadi ya mtumba, kampuni kubwa, maiki mbili, laki mbili na nusu. Nusu ya bei. Tulienda kuiona kwenye saluni ya kinyozi.

Iliwaka. Taa zote zilikuwa sawa, sauti ilitoka. Mtu mwingine angelipa pale pale. Nilichomeka waya wa XLR, nikawasha fantomu, umeme unaopelekwa kwenye maiki za kondensa, nikaweka ncha nyeusi ya mita ya kupimia volti kwenye pini ya kwanza na nyekundu kwenye pini ya pili. Kiwango ni volti 48, na kinaruhusu nne juu au nne chini. Mita ikasoma 31. Maiki ingefanya kazi, ndiyo, lakini maiki nyingi za kondensa zikipewa umeme pungufu hupoteza nafasi ya juu, na dufu likipigwa kwa nguvu sauti ingevunjika ndani ya maiki kabla hata haijafika kwenye kadi. Hapo ungepunguza geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, hadi sifuri na bado ungesikia imevunjika, ukalaumu kila kitu isipokuwa kinachostahili.

Kisha nikatikisa waya wa USB kwa kidole kimoja. Taa ikazima, ikawaka. Kinyozi mwenyewe, aliyekuwa hana habari na mambo ya sauti, akasema, "Hiyo imekufa tundu."

Tukaondoka. Mita ile ni ya elfu kumi na tano, na nadhani ndiyo iliyotuokolea pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki.

Uamuzi

Alinunua Scarlett 2i2. Chenji iliyobaki ilikwenda kwenye nyaya mbili nzuri za XLR na stendi moja. Habu tuliiacha nyumbani. Mimi nilimwazima maiki zangu mbili za kondensa zinazofanana, kwa sababu jozi ya stirio kwa maiki mbili tofauti ni kujitafutia kazi.

Alitamani pia ile maiki nyeusi ya podikasti, Shure SM7B. Nilikataa kwa sababu ya kazi iliyokuwa mbele, si kwa ubaya wa maiki. SM7B hutoa takriban milivolti 1.12 kwa kiwango cha kawaida cha kupimia, wakati kondensa kama Audio-Technica AT2020 hutoa kama 14. Mtoto wa miaka tisa aliye mita moja na nusu kutoka kwenye maiki ya aina ile ya kwanza angehitaji geini yote iliyopo, na kinachopanda pamoja na geini ni mvumo.

Usiku wa majaribio

Siku mbili kabla ya safari tulijaribu kila kitu chumbani kwangu, tukizima taa na kutumia betri kama itakavyokuwa kule. Mikwaruzo ikarudi.

Prodyuza alikata tamaa. Kifaa kipya, waya mpya, na ugonjwa uleule. Tukapakua LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni draiva gani inashika prosesa muda mrefu hadi sauti inachelewa kufika. Baada ya dakika tano ilituonyesha draiva ya Wi-Fi. Tukazima Wi-Fi na Bluetooth, tukaweka mpangilio wa umeme wa Windows kwenye utendaji wa juu, tukazuia isilaze matundu ya USB ili kuokoa betri. Bafa tukaiweka 256, ambayo kwa kHz 48 ni milisekunde zisizofika sita kila upande. Tukarekodi dakika ishirini bila mkwaruzo hata mmoja.

Maana yake sehemu ya tatizo la safari ya kwanza haikuwa ya saundi kadi hata kidogo. Prodyuza aliniuliza kama angebaki na kadi ya zamani kama tungelijua hilo mapema. Nilimjibu kwamba kuchelewa kungebaki, chaneli moja ingebaki, na kitufe cha makofi kingebaki.

Siku yenyewe

Watoto walisimama nusu duara, wadogo mbele. Madufu tuliyaweka nyuma yao, hatua tatu, wapigaji wakiwa wamekaa mkekani. Maiki mbili mbele, zimetengana kama mita moja. Kiongozi aliimba kwa sauti ya chini pembeni ili kuwapa njia.

Dufu la kwanza lilipopigwa, pete za taa kuzunguka vitufe vya geini ziligeuka nyekundu zote mbili. Tukashusha hadi kilele cha sauti kikae karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Prodyuza alisita, kwa kuwa wimbi kwenye kioo lilionekana dogo na yeye amezoea kulijaza. Kwa biti 24 nafasi ya chini ni kubwa mno, unarekodi kwa upole na kupandisha baadaye bila hasara inayosikika.

Umeme ulikuwepo saa za mwanzo, tukachomeka chaja, na hapo hapo mvumo mwembamba ukaingia kwenye hedifoni. Plagi ya chaja ilikuwa ya pini mbili, iliyosukumwa kwenye soketi ya pini tatu kwa msaada wa kijiti cha kiberiti. Haina waya wa ardhi. Tukachomoa chaja, mvumo ukakatika. Kuanzia hapo ikawa kurekodi kwa betri, kuchaji wakati wa mapumziko. Swala ya adhuhuri na chakula cha mchana vilitupa asilimia sabini.

Alasiri waliingia waimbaji wa kuongoza, mmoja mmoja, kila mmoja na traki yake. Swichi ya kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye kadi ilimaliza suala la kuchelewa, kwa sababu sauti yao haikupita kwenye laptopu kabla ya kurudi masikioni. Yule aliyesema anajisikia nyuma yake aliimba kaswida tatu mfululizo bila kuvua hedifoni.

Matokeo

Kaswida saba zilikabidhiwa siku tano kabla ya Maulidi. Ya sita ilikataliwa, na Prodyuza alilazimika kurudi kuirekodi upya kwa nauli yake. Sababu yake naieleza hapa chini, kwa kuwa ni kosa langu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuhesabu maiki zinazopokea kwa wakati mmoja badala ya kuhesabu watu. Watu walikuwa kumi na wanane, tukatumia matundu mawili. Kama Prodyuza angekuwa anarekodi kundi la taarabu lenye udi, kanuni, fidla na ngoma kwa pamoja, jibu lingekuwa jingine na ningemwambia akopeshwe UMC404HD na atafute betri na inveta. Miezi michache baadaye kazi ya namna hiyo ilikuja kweli, akakodi kifaa cha matundu manane kwa siku moja. Bado nadhani ilikuwa sahihi kutonunua kwa ajili ya kazi inayokuja mara moja kwa mwaka.

La pili ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa wati 2.5, na kadi nyingi ndogo za safari zimetengenezwa kuishi humo. Maiki mbili za kondensa hazizidishi sana. Kinachoua ni kuigawanya wati hiyo kwenye habu isiyo na adapta, pamoja na kibodi yenye taa na flashi. Habu ile ilikuwa ya elfu nane. Lile tundu lililolegea la laptopu alilibadilisha kwa fundi wa simu kabla ya safari, elfu ishirini, na bila hilo ushauri wangu wote usingekuwa na maana.

Sasa kosa. Niliuliza kuhusu maiki, umeme, diski, draiva. Sikuuliza nani atasikiliza. Maalim alitaka kusikia kila kaswida wakati inaingia, si kwa ajili ya muziki bali matamshi: ain isigeuke alifu, na ha nzito isitamkwe kama nyepesi. Hilo ndilo alilolijali, na ana haki. Kadi nyingi za daraja hili zina tundu moja la hedifoni. Tukatumia kigawanyio cha waya, na kwa kuwa spika zake ndogo za masikioni za simu na hedifoni kubwa za Prodyuza hazifanani kwa ukinzani, zake zikawa zinapiga kelele na za Prodyuza zinanong'ona. Baada ya kaswida ya nne Maalim alizivua, akasema kichwa kinamuuma, na kaswida ya sita ikapita bila sikio lake. Mtoto mmoja mbele, karibu kabisa na maiki, alikosea neno mara tatu. Sisi wawili tulisikia sauti nzuri tu.

Dawa ya kawaida ni kikuza sauti kidogo cha hedifoni chenye matundu manne. Aliponunua tukagundua kinataka adapta ya volti 12, yaani tumerudi kwenye jenereta. Sijampatia suluhisho safi la hilo. Anachofanya sasa ni kumpa mwenye kazi hedifoni zake nzuri, yeye mwenyewe anabaki kutazama taa za geini na wimbi kwenye kioo, kisha wanasikiliza pamoja kabla watoto hawajatawanyika.

Ndivyo walivyorekodi upya ile ya sita. Prodyuza aliamkia, akatoa vitu kwenye begi kimoja kimoja, akavipanga juu ya dawati lilelile. Maalim alivaa hedifoni, akaangalia mezani kwa makini.

"Ile ya makofi iko wapi?"

"Nimeiuza, Maalim."

"Alhamdulillahi," akasema, akawaashiria watoto waanze.